Kidole cha Jiwe: Geti la Kijani (Sehemu ya Saba)

Kidole kilikuwa palepale tulipokiacha juma lililopita, juu ya kitufe, na kilikuwa bado hakijabonyeza.

Kwenye skrini alikuwa mdogo wa mwenye kidole hicho.

Hakukuwa na shaka. Ni Redio, msusi wa saluni ya jirani na kituo cha mabasi, aliyepewa jina hilo na mama yao mzazi kwa sababu tangu ajifunze kusema hakuwahi kuzimika. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto mkononi. Midomo ilikwenda mbio. Sauti haikutoka.

Haikutoka kwa sababu hakuna mchujaji aliyewasha sauti katika ghorofa ile. Kazi yao ilikuwa kupitia yale ambayo watu wameyapandisha mtandaoni na watu wengine wameyalalamikia, kisha kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Siku ya kwanza, mgeni hufundishwa kanuni na mkufunzi. Siku ya pili, wenzake humfundisha mambo mawili yasiyoandikwa kokote: zima sauti, ondoa rangi. Damu ya kijivu haitishi kama damu nyekundu, na kilio kisichosikika ni mdomo tu uliofunguka.

Dada mtu alikuwa mwanafunzi bora wa somo hilo. Wenzake walimwita Jiwe, na walimwita kwa heshima. Wengine waliinuka kwenda kulia chooni, yeye hakuinuka. Walidhani ni ujasiri. Haukuwa ujasiri. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa mchana kutwa.

Kanuni ilikuwa wazi. Ukimjua mtu aliye kwenye picha, usiamue. Mbele yako kuna vitufe vitatu: ACHA, ONDOA, PANDISHA. Bonyeza PANDISHA, na jambo litakwenda kwa Kiongozi wa zamu.

Tatizo ni kwamba kila lililopanda kwa Kiongozi likiwa na jina la biashara ya mtu lilizikwa kwanza, likaulizwa baadaye.

"Jiwe, umelala?" aliuliza jirani yake wa kushoto. Huyo walimwita Fagio, kwa kuwa aliondoa kila kilichopita mbele yake. Alisema kosa la kuondoa halijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

"Nafikiri."

"Acha hiyo. Kufikiri ni kazi ya ghorofa ya juu. Sisi huku tunafagia."

Jiwe aliisogelea skrini. Alikuwa anatazama mikono ya mdogo wake.

Tangu utotoni, Redio akisema uongo alichezea hereni ya sikio la kushoto. Aliichezea alipovunja birika la shangazi, akaichezea alipotoroka shule. Sasa hereni ilining'inia peke yake. Mkono mmoja ulishika chupa, ileile aliyoiweka mezani kwao jana jioni. Ukucha wa mkono wa pili ulikuwa unabandua karatasi ya chupa, polepole, na chini ya karatasi hiyo ikatokea karatasi nyingine. Redio akaisogeza karibu na kamera. Tarehe ilisomeka vizuri. Dawa ile ilikuwa imeisha muda wake zamani.

Kisha Redio alisema jambo la mwisho, akiielekeza chupa upande wa barabara. Jiwe hakulijali. Mikono ilikuwa imeshatoa ushahidi.

Anasema kweli, aliwaza.

Akabonyeza ACHA.

Kilichofuata kilikuwa mtu anampiga mbwa. Ondoa. Kisha harusi iliyolalamikiwa na mtu ambaye, kwa dalili zote, hakualikwa. Acha. Kazi ikaendelea.

Wakati wa mapumziko wachujaji walifungua makabati kwenye korido na kutoa simu zao, maana simu haziingii ndani. Jiwe alikuta ujumbe wa Redio.

"Dada, video yangu bado ipo. Kumbe huko kwenu kuna wenye akili. Mwambie aliyeiacha aje, namsuka bure mpaka azeeke."

Jiwe hakucheka, ila alifikiri kwamba pengine zamani angecheka. Alishuka ngazi mpaka penye dirisha, akaifungua video ile, na kwa mara ya kwanza akaisikiliza.

"Mtoto wa mteja wangu amelazwa," ilisema sauti ya Redio. "Alipewa dawa hii. Imenunuliwa duka la mfamasia wetu mnayemjua nyote. Oneni wenyewe, karatasi juu ya karatasi. Simtukani mtu. Sisemi apigwe mtu, tuelewane. Nauliza tu, na kuuliza si ujinga. Lakini kila nikienda dukani anafunga mlango. Basi nendeni nyumbani kwake mkamuulize. Geti la kijani, nyuma ya kituo cha mafuta."

Jiwe alirudisha nyuma akasikiliza tena sehemu ya mwisho.

Geti la kijani.

Asubuhi ya siku hiyo mama yao, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima, alikuwa amesema akiwa ameupa ukuta uso: "Leo nina kazi ya kupima mapazia. Nyumba ile ya geti la kijani." Kisha akatoka na mfuko wake.

Sasa Jiwe aliiona asubuhi ile yote, kama mtu anayerudisha video. Futi ya kupimia ilibaki inaning'inia kwenye cherehani. Vidole vya mama vilikuwa na gundi iliyokauka. Na jana jioni, Redio alipoiweka chupa mezani na kuikwangua kwa ukucha, mama aliinuka bila kumaliza chai yake.

Fundi gani anakwenda kupima mapazia bila futi?

Aliyaona yote hayo yalipotokea, maana kuona ndiko kulikompa mkate wake. Kuuliza hakukuwa kwenye kanuni.

Alimpigia mama. Simu iliita mpaka ikachoka. Akampigia Redio.

"Dada, umeona inavyokwenda? Inasambaa kama moto wa—"

"Uko wapi?"

"Saluni. Nina kichwa cha mtu mikononi."

"Mama amekwambia anakwenda wapi leo?"

"Aniambie mimi? Si anasema kuniambia mimi ni kutangaza?"

"Amekwenda kwenye geti la kijani."

Redio alinyamaza. Katika maisha yao jambo hilo lilikuwa geni.

"Nilisema wamuulize," alisema baadaye, sauti imepungua. "Sikusema wampige mtu. Nimesema kabisa, sikiliza mwenyewe."

"Nimesikiliza. Wao wamesikiliza?"

"Kuna kundi limepita hapa mbele sasa hivi. Nilidhani wanakwenda mpirani."

"Iondoe, Redio."

"Nikiiondoa, yule bwana kesho anaamka anauza kama kawaida. Mtoto yuko kitandani, dada. Unajua ziko chupa ngapi kwenye zile rafu?"

"Mama yuko ndani ya nyumba hiyo."

Ilisikika mashine ya kukaushia nywele ikizimwa, na mteja akiuliza kulikoni.

"Haitoki," alisema Redio. "Wamenifungia akaunti. Wanasema nimelalamikiwa mno, nisubiri uchunguzi. Siwezi kuweka, siwezi kutoa. Dada, hao wachunguzi si ndio nyinyi?"

Ndio wao. Ila mfumo ulikuwa na tabia moja: aliyekwisha kuamua jambo hakuruhusiwa kuligusa tena. Jiwe alitafuta hofu ndani ya kifua chake, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na hakuiona. Miguu ndiyo iliyojua. Ikapanda ngazi yenyewe mpaka kwenye chumba cha vioo cha Kiongozi wa zamu, kilichokuwa koridoni, simu bado mkononi.

Kiongozi alikuwa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote pale, na alivaa sweta mwaka mzima kwa ajili ya kiyoyozi. Walimwita Madamu.

"Nimeacha kitu ambacho hakikupaswa kuachwa," alisema Jiwe.

"Wewe?" Madamu aliinua macho. "Nilidhani hiyo ni kazi ya wageni."

Akaitafuta video, akaitazama bila sauti. "Msusi na chupa. Hii nimeshaisikia. Kuna nini kipya?"

"Washa sauti."

Madamu alihangaika kidogo na kompyuta yake, akashuka na orodha, akapanda, mpaka akakiona kitufe cha sauti. Alisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani.

"Umeacha anwani ya mtu. Kila kanuni inaweza kusamehe, hii haisamehewi. Jiwe, ilikuwaje?"

"Sikusikiliza."

"Hakuna anayesikiliza. Nauliza umejuaje sasa."

"Ni mdogo wangu."

Kiyoyozi kiliunguruma. Madamu aliivaa tena miwani yake, taratibu, kama mtu anayevaa cheo.

"Ulimjua, ukaamua."

"Ndiyo, Madamu."

"Unajua maana yake."

"Najua. Lakini mama yangu yuko ndani ya nyumba hiyo, na kundi liko njiani. Kata mwisho tu. Acha chupa, ondoa geti."

"Kanuni haina nusu. Ni yote au hakuna."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi mwenyewe niliipigania iwe hivyo." Madamu alisema bila hasira. "Nilikuwa kwenye kikao. Siku tukianza kukata maneno ya watu katikati, hatuchuji tena, tunawaandikia. Leo tunakata anwani, na ni haki kabisa. Kesho mkubwa fulani anatuletea mkasi wake na kutuonyesha pa kukata. Nikasema hapana. Mtu asikike mzima au asisikike. Nilidhani nimewalinda watu."

Jiwe alitazama saa ya ukutani.

"Na nikwambie la pili," Madamu aliendelea. "Tangu asubuhi wakili wa huyo mfamasia ananipigia. Anataka yote iondoke, na hasa chupa. Hilo geti halijamsumbua hata kidogo. Nikamkalia kimya. Nikajiambia, acha watu wazione hizo karatasi kwanza. Sasa unakuja wewe unataka nimpe anachotaka."

"Nataka mama yangu atoke."

"Nikiondoa, wataniambia nimeziba watu midomo. Nikiacha, wataniambia nimeua. Kuna mtoto hospitali, kuna wengine watakaonunua jioni hii. Chagua wewe, maana mimi nimechoka kuchagua kati ya mabaya mawili."

Jiwe alijaribu kupima. Upande mmoja aliweka mtoto asiyemjua na rafu ya chupa. Upande wa pili aliweka vidole vyenye gundi. Mizani haikuyumba, kwa kuwa ndani yake hamkuwa na mizani tena. Kulikuwa na mazoea tu.

"Ondoa," alisema.

Madamu akabonyeza. Redio akatoweka na chupa yake, na pahala pake pakabaki mraba mweupe.

Hivyo tu.

"Kachukue vitu vyako," alisema Madamu. "Kisha urudi hapa tuandike. Kazi uliipoteza pale ulipobonyeza, mwanangu. Mimi nakusomea tu."

Jiwe hakuwa amefika mlangoni simu ilipotetemeka.

"Dada, mmeiondoa?"

"Tumeiondoa."

"Basi tazama nilichokutumia."

Ilikuwa video nyingine, fupi kama kupiga chafya. Mtu fulani alikuwa ameichukua ile ya kwanza kwa simu yake, tena mkia wake tu. Redio alionekana nusu, akisema: "Nendeni nyumbani kwake." Kisha: "Geti la kijani, nyuma ya kituo cha mafuta." Neno lililokuwa katikati, mkamuulize, lilikuwa limekatwa.

Chupa haikuwamo. Karatasi juu ya karatasi haikuwamo. Sisemi apigwe mtu, haikuwamo.

"Imejaa kila mahali," alisema Redio. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Nataka kuwaonyesha watu nilivyosema yote, sina pa kuwaonyesha. Yenye ukweli mmeifuta. Mmewaachia geti."

Jiwe alimwonyesha Madamu. Madamu akaondoa nakala ile. Ikaibuka nyingine, imepambwa kwa muziki. Akaiondoa. Ikaibuka nyingine, mtu amechora mshale mwekundu kuelekea nyuma ya kituo cha mafuta.

"Nateka maji kwa pakacha," alisema Madamu, mikono ikiwa bado kwenye kompyuta.

Jiwe akapiga tena simu ya mama. Safari hii ilipokelewa.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo kazini."

"Unapima mapazia?"

Mama alimwuliza kama amekula.

"Futi umeiacha kwenye cherehani, mama."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

Mama alivuta pumzi. Nyuma yake palisikika bati likigongwa, mbali kidogo, mara kwa mara.

"Wewe mtoto unaona kila kitu na huulizi chochote," alisema mama. "Umekuwa kama nyumba iliyohamwa. Taa inawaka, wenyewe hawamo. Nilisema nitakuuliza hiyo kazi inakufanya nini, nikaogopa jibu. Basi tuko sawa, mimi na wewe."

"Mama, toka kwa mlango wa nyuma."

"Upo mlango, wa kutokea wapi? Mwenye nyumba alipoona video kwenye simu yake tu, aliingia garini akaondoka. Ameniachia mama yake. Bibi wa watu hawezi kutembea. Nimemweka chumba cha ndani, nimemwambia ni wauza vyombo wanagonga. Nitoke nimwache?"

"Usiwafungulie. Usiseme nao lolote. Polisi—"

"Nimeshawapigia. Wamesema wanakuja." Mama alicheka kidogo, kicheko cha pua. "Na mimi nakuja kwenye harusi yako. Sikiliza. Watu wakibisha hodi hujibiwa."

"Mama."

"Nyumbani, ndani ya kabati la vitambaa, kuna boksi. Mwambie mdogo wako alifungue yeye, si wewe. Wewe utalitazama tu."

Simu ikakatika.

Jiwe alitoka, akasimama kwenye korido. Watu walimpita wakirudi kazini, wakisukumana kwa utani, mmoja akilalamika kwamba mwenzake amemmalizia sukari. Alijua kwamba mtu mwingine angekuwa anakimbia. Akaingia ndani kuchukua koti lake, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

Koti lilikuwa mgongoni mwa kiti. Alilishika. Ndipo macho yake yakaangukia skrini ya Fagio.

Barabara. Watu wengi, migongo, mikono iliyoinuliwa na simu. Na mbele yao geti. Kwenye skrini lilikuwa la kijivu.

"Hii ni ya moja kwa moja," alisema Fagio bila kugeuka. Kidole kilikuwa tayari juu ya ONDOA. "Imelalamikiwa sasa hivi. Vurugu. Nafagia."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Kamera ikiwapo, watu wa namna hii huongeza ukali. Kila mtu anataka kuonekana shujaa."

"Kamera ikiwapo, sura zao zinaonekana. Ngoja kidogo."

Mlango mdogo wa geti ukafunguka kwa ndani. Akatoka mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, mfuko wa kitambaa begani. Akaufunga mlango nyuma yake, akasimama mgongo umeegemea bati la geti.

"Huyu mama amechoka kuishi?" alisema Fagio.

Midomo ya mwanamke yule ikaanza kusema. Watu wa mbele walikuwa bado wanapunga mikono. Wa nyuma walisukuma.

"Washa sauti," alisema Jiwe.

"Nini?"

"Washa sauti, Fagio."

Vichwa viligeuka safu nzima. Lilikuwa ombi ambalo halijawahi kutolewa mahali pale, na kwa jinsi walivyomtazama ungedhani ameomba wavue nguo. Lakini Fagio hakuwahi kumwona Jiwe akiomba chochote. Akabonyeza.

Kelele zikamwagika chumbani. Matusi, miluzi, bati. Mtu mmoja safu ya nyuma aliziba masikio. Kisha katikati ya kelele ikapanda sauti moja, ya kawaida, sauti ya mtu anayemkaripia mteja aliyechelewa kuchukua nguo.

"Punguzeni kelele, kuna mgonjwa humu ndani."

Kelele hazikuisha, lakini zilipungua. Mtu alicheka.

"Mnayemtafuta ameondoka kwa gari. Mmechelewa. Aliyebaki ni mama yake, na huyo hajauza dawa. Kama mmekuja kuuliza, kama alivyowaambia yule msusi, basi niulizeni mimi."

"Wewe nani?" iliuliza sauti ya mwanamume.

Mwanamke aliingiza mkono mfukoni, akatoa fungu la karatasi ndogo nyeupe, akaliinua juu.

"Karatasi za chupa hizo nilizibandika mimi. Kwa mikono hii."

Fagio alipiga mluzi mdogo. "Amejimaliza," alisema. Kidole kikarudi juu ya ONDOA. "Hapo hakuna cha kungoja. Sasa hivi watamrukia."

Jiwe aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Fagio.

Aliona kilichokuwa kinakuja, kwa uwazi ule ule wa siku zote. Kidole kikishuka, sauti itakatika hapo. Nakala zitasambaa kabla yeye hajafika mlangoni, na kitakachobaki duniani ni neno hilo moja, nilizibandika mimi, bila la mbele yake na bila la nyuma yake. Wangekuwa wamemwachia mama geti lake mwenyewe.

"Nilidhani ni karatasi mpya za duka," mama alikuwa anaendelea. "Aliniletea na gundi. Mimi nashona, sisomi herufi ndogo. Jana binti yangu alibandua ncha ya moja mezani kwangu, nikaona kilichokuwa chini. Leo nimekuja kumrudishia zilizobaki na kumwuliza—"

"Ana binti?" Fagio alimgeukia Jiwe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama usoni, kisha akautazama mkono uliokuwa bado juu ya wake. "Jiwe. Unamjua huyu mama?"

Vitufe vitatu. Akisema ndiyo, kanuni inajulikana: litapanda juu, na huko juu Madamu, mikono yake ikiwa bado inateka maji kwa pakacha, ataona kundi na geti, ataondoa.

Kitu kilianza kumchoma Jiwe kifuani, sindano moja, kisha nyingi, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Kiliuma kuliko alivyokumbuka.

"Simjui," alisema. "Mwache amalize."

Kwenye skrini, mtu wa mstari wa mbele akainama kuokota kitu chini, na mama akaendelea kusema.